Liverpool, South Shields na Cardiff: Waislamu wa Zamani wa Uingereza na Funzo Lao Kwetu



Ukimuuliza kijana wa leo Waislamu wameingia lini Uingereza, atakwambia ni juzi tu, pengine miaka ya 60, walipohamia kule ndugu zetu wa Pakistan na Bangladesh, na baadaye Wasomali waliokimbia vita. Jibu hilo lina ukweli, lakini si ukweli wote. Kabla babu zetu wengi hawajazaliwa, kulikuwa na watu wakifunga Ramadhan katika miji ya bandari ya Uingereza, palipojaa baridi na moshi wa makaa ya mawe. Leo tuzuru miji mitatu, Liverpool, South Shields na Cardiff, tukaone waliyoyafanya na yaliyowapata. Halafu tujiangalie na sisi wenyewe.

WAKILI WA LIVERPOOL

Tuanze Liverpool. Mwaka 1856 alizaliwa huko mtu aliyeitwa William Henry Quilliam. Alisoma sheria akawa wakili mwenye jina. Baada ya kuzuru Morocco aliingia katika Uislamu, na mwaka 1887 akaanza kuutangaza katika mji wake mwenyewe. Akajulikana kwa jina la Abdullah Quilliam.

Hebu fikiria, ndugu yangu. Huyu hakuwa mgeni aliyekuja na dini yake. Ni mtoto wa mji, aliyesimama mbele ya majirani zake akawaambia amebadilika. Mwanzo waliomfuata walihesabika kwa vidole. Mmoja wao alikuwa mwanamke kijana, Fatima Cates, aliyeshika hazina ya kikundi hicho. Kwa hivyo dada zetu mkiambiwa kazi za jumuiya ni za wanaume, mkumbukeni Fatima wa Liverpool.

Mwaka 1889 walihamia nyumba nambari 8, Brougham Terrace. Siku ya kufungua walichagua tarehe 25 Disemba, sikukuu ya Krismasi, wakapika na kuwalisha maskini wa mji, ambao takriban wote hawakuwa Waislamu. Pamoja na hayo hawakuachwa kwa amani. Muadhini alipotoka kunadi swala, watu waliokusanyika barabarani walimrushia mawe, matope na takataka. Wao hawakuacha kunadi. Mwaka 1896 wakafungua nyumba ya kulelea watoto waliotupwa, wakaiita Medina Home. Kulikuwa na madrasa na maktaba. Kuanzia 1893 wakawa na gazeti la kila wiki, The Crescent, yaani Hilali, lililosomwa mbali na Uingereza.

Habari zao zilifika mbali. Sultan Abdul Hamid II wa Uturuki alimpa Quilliam cheo cha Sheikh-ul-Islam wa visiwa vya Uingereza. Mwaka 1894 alikwenda Lagos, huku kwetu Afrika, kwenye ufunguzi wa msikiti wa Shitta Bey. Mwaka 1895 mwana wa Amir wa Afghanistan alizuru Liverpool, na jumuiya ikapata msaada wa pauni 2,500, pesa nyingi mno kwa siku zile. Waliosilimu kwa mkono wa jumuiya hiyo wanakadiriwa kufika 600 hivi.

Sasa sikiliza mwisho wake. Mwaka 1908 Quilliam aliondoka Liverpool akaenda Istanbul. Alipoondoka yeye, kila kitu kikaanguka. Mwanawe akaziuza nyumba, gazeti likafa, waumini wakatawanyika. Pale palipokuwa pakinadiwa swala paligeuzwa kuwa ofisi ya serikali ya mji ya kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Watu wakaingia na kutoka miaka na miaka, na wengi wao hawakujua kwamba wamesimama mahali palipowahi kuwa msikiti. Quilliam mwenyewe alirudi Uingereza akaishi kwa jina jingine, akafariki mwaka 1932, akazikwa Brookwood karibu na Woking.

MABAHARIA WA SOUTH SHIELDS

Sasa tupande kaskazini mashariki, mpaka mdomo wa mto Tyne. Hapo pana mji mdogo, South Shields. Hapa hakuna wakili wala cheo cha Sultan. Hapa pana mabaharia wa Yemen.

Aden tunaijua sisi watu wa pwani, maana majahazi yetu yamekuwa yakienda na kurudi huko tangu zamani. Waingereza waliitwaa mwaka 1839 wakaifanya kituo cha kujaza makaa ya mawe kwenye meli zao. Vijana wa Kiyemeni wakaajiriwa kwa kazi ambayo wengi waliikimbia: kutia makaa katika matanuri chini kabisa melini, kwenye joto la kuunguza, kwa mshahara mdogo. Miaka ya 1890 baadhi yao walianza kukaa South Shields baina ya safari na safari. Mwaka 1909 mwenzao, Ali Said, alifungua nyumba ya kulaza mabaharia Waarabu. Nyumba kama hiyo haikuwa kitanda tu. Hapo baharia alipata chakula cha halali, mtu wa kumsomea barua, mkopo akikosa kazi, na mahali pa kuswali. Wengi wao walioa wanawake wa Kiingereza, na nyumba zao zikawa za lugha mbili.

Maisha hayakuwa mepesi. Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, askari waliorudi walitaka kazi, na Mwarabu akaonekana ndiye mwizi wa kazi, ingawa wenzake wengi walikuwa wamezama baharini wakiitumikia Uingereza hiyo hiyo. Kulizuka ghasia mwaka 1919. Agosti 1930 zikazuka tena, pale Mill Dam mahali pa kuandikia mabaharia, kwa sababu ya utaratibu mpya wa zamu uliowabana Waarabu na Wasomali peke yao. Polisi wakatumia virungu. Baadhi ya Wayemeni wakafungwa, kisha wakarudishwa makwao.

Waliobaki hawakutawanyika. Miaka ile ya 30 akafika Sheikh Abdullah Ali al-Hakimi, Myemeni wa tariqa ya Shadhiliya, tariqa ambayo si ngeni pwani yetu. Jamaa wakaichukua nyumba iliyokuwa baa, wakaifanya zawiya. Palipokuwa pakiuzwa pombe pakasomwa Qur'ani! Wake zao wa Kiingereza na watoto wao nao wakawekewa masomo ya dini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 jamii ile ikapata msikiti wake, Al-Azhar, mtaa wa Laygate.

Mwaka 1977 mji huo mdogo ukapata mgeni ambaye hata wewe unamjua, bondia Muhammad Ali. Alikuja kusaidia kuchangia pesa za klabu ya ndondi ya vijana. Akapitishwa mjini juu ya basi la wazi, watu wamejaa pande zote za barabara. Kisha yeye na mkewe wakaenda Al-Azhar, ndoa yao ikaombewa dua. Bingwa wa dunia ameketi katika msikiti wa watia makaa! Waliokuwa watoto siku ile walikuja kuwa watu wazima, na kisa hicho hawakuacha kukisimulia.

RAMADHAN YA CARDIFF, 1337

Mji wa tatu ni Cardiff, huko Wales, katika mtaa wa Butetown karibu na gati. Hapa walikaa Wayemeni na Wasomali pamoja na watu wa mataifa chungu nzima. Juni 1919 makundi ya watu weupe yaliwavamia kwa siku kadhaa, wakavunja nyumba na kupiga watu. Watu 3 walikufa, mmoja wao baharia kijana, Mohammed Abdullah.

Sasa chukua kalenda ya Kiislamu uhesabu. Juni ile ilikuwa Ramadhan, mwaka 1337 Hijria. Tena ni Ramadhan ya kiangazi cha huko, ambapo jua huchwa karibu saa tatu na nusu usiku. Kwa hivyo palikuwa na watu waliokuwa wakingoja magharibi wafuturu, huku nje watu wanavunja vioo. Sisi huku tukikosa tambi au kaimati siku moja tunanuna.

Msikiti wao wa Peel Street ulivunjwa na mabomu ya Wajerumani mwaka 1941. Wakajenga tena. Mpaka leo Butetown ina misikiti.

FUNZO NI LIPI?

Ndugu msomaji, tulinganishe. Liverpool ilikuwa na kila kitu: elimu, pesa, gazeti, marafiki wakubwa. Ikadumu miaka kama 20 tu. South Shields na Cardiff zilikuwa na watu maskini wengi wao hawajui kusoma Kiingereza. Jamii zao zimevuka karne. Kwa nini?

Liverpool ilisimama juu ya mtu mmoja. Nyumba zilikuwa mikononi mwake na jamaa zake, na maneno ya mwisho yalikuwa yake. Mtu huyo alipoondoka, hapakuwa na wa kushika. Kwa mabaharia, mmoja akifa baharini, nyumba ya kulala bado ipo. Sheikh akihama, zawiya bado ipo, kwa sababu mzigo ulibebwa na wengi. Tujiulize basi, jumuiya zetu za vijana ziko upande gani? Mwenyekiti akipata kazi Dubai kesho, je, mashindano ya Qur'ani yataendelea? Hati ya kiwanja cha madrasa imeandikwa wakfu, au iko kwa jina la mtu, ndani ya sanduku la mtu?

Lakini mabaharia nao walikosa jambo moja. Liverpool waliandika. Nakala za The Crescent zilibaki, na wanahistoria walipozisoma ndipo jina la Quilliam likafufuka. Waislamu wa Liverpool wakaunda jumuiya kwa jina lake, wakaipigania ile nyumba, na mwaka 2014 swala ikarudi Brougham Terrace baada ya miaka zaidi ya 100. Wino ndio ulioirudisha. Mabaharia wao hawakuandika sana. Habari zao zilikuwa vichwani mwa wazee, na wazee wakawa wanaondoka mmoja mmoja. Bahati nzuri mtengenezaji filamu Tina Gharavi aliwawahi wachache waliosalia, akawarekodi, na mwaka 2008 picha na sauti zao zikaonyeshwa Gateshead, kando ya mto huo huo wa Tyne. Miaka michache zaidi na wasingepatikana.

Na sisi je? Ni nani katika sisi anayejua msikiti wa mtaa wake ulijengwa na nani, kwa pesa za nani, na ni nani aliyetoa kiwanja? Mombasa, Lamu, Pumwani, Kibra, Kisumu, kote wapo wazee ambao ni maktaba zinazotembea. Mzee akifa tunamzika, tunasoma hitima, tunasahau kwamba tumezika na kitabu.

Kwa hivyo mwezi huu, baada ya futari, usikimbilie televisheni wala simu. Kaa na babu au bibi yako. Muulize: Nana, Ramadhan ya kwanza unayoikumbuka ilikuwaje? Nani alikuwa akipiga ngoma ya daku? Huu msikiti ulipokuwa wa makuti, imamu alikuwa nani? Andika katika daftari, tia tarehe, tia majina. Simu uliyo nayo inaweza kurekodi sauti, basi irekodi. Halafu peleka nakala moja msikitini na nyingine ibaki nyumbani, isiwe kwa mtu mmoja.

Mola awarehemu wale waliofunga katika baridi ya Tyne na wale waliopigwa mawe Liverpool, atutakabalie saumu zetu, na atufanye watu wa kujenga na wa kukumbuka. Amin.