Kwa nini kampuni ya ng'ambo inataka kujua shamba lako la kahawa liko wapi?

Wakulima wa kahawa wanaotusikiliza wamekuwa wakituuliza kuhusu vijana wanaopita mashambani na simu. Wanasimama katikati ya shamba, wanabonyeza, kisha wanaanza maswali: mibuni ilipandwa lini, unaweka mbolea gani, nani anachuma, watoto wanakwenda shule? Wapo wanaohofu kwamba ardhi inapimwa ili ichukuliwe. Hapa tunaeleza kazi hiyo imetoka wapi, hesabu yake inafanywaje, na mkulima ana haki ya kuuliza nini.

Kahawa ina safari ndefu. Inachumwa, inamenywa, inaoshwa, inakaushwa, inakobolewa, inapanda lori na meli, inakaangwa, inafika dukani, inanywewa, na makapi yake yanatupwa. Safari hiyo nzima, pamoja na watu wote wanaoishughulikia, ndiyo inayoitwa mnyororo wa thamani. Zamani kampuni ilijipima kwa mambo ya ndani ya geti lake tu: umeme inaotumia, maji inayomwaga, moshi wa bomba lake. Kampuni inayonunua na kuuza bila kuwa na kiwanda ingeweza kuonekana safi kabisa.

Hesabu moja ilionyesha kasoro hiyo waziwazi. Mwaka 2011 kampuni ya Puma ya Ujerumani, inayouza viatu na nguo za michezo, ilitangaza kwamba madhara ya mazingira yaliyotokana na biashara yake mwaka 2010, yakitiwa bei, yanafikia euro milioni 145. Ofisi, maghala na maduka yake yenyewe yalichangia asilimia 6 tu. Sehemu iliyobaki ilitoka kwa wanaoiuzia, na asilimia 57 ya hesabu yote ilitoka mwanzo kabisa wa mnyororo: malisho ya ng'ombe wa ngozi, mashamba ya pamba, mashamba ya mpira. Hesabu hiyo lakini ilikuwa ya mazingira peke yake. Ujira wa mshonaji wa viatu haukuwamo.

Kwa upande wa gesi zinazoongeza joto duniani, kampuni nyingi hufuata mwongozo uliotolewa mwaka 2001 unaogawa hesabu katika makundi matatu. La kwanza ni mafuta ambayo kampuni inayachoma yenyewe. La pili ni umeme inaonunua. La tatu ni kila kitu kingine, kuanzia shamba la mkulima hadi kwa mnywaji, na mwaka 2011 kundi hilo lilipata mwongozo wake wenye vifungu 15.

Kundi la kwanza ni rahisi. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa karibu kilo 2.7 za hewa ya ukaa, basi kiwanda cha kukoboa kilichochoma lita 100 kinaandika kilo 270. Ugumu uko kwenye kundi la tatu. Mbolea ya chumvichumvi ikishawekwa, sehemu yake hugeuka gesi ambayo nguvu yake ya kuongeza joto ni takribani mara 270 ya hewa ya ukaa. Maji ya kuoshea kahawa yakiachwa yatiririke mtoni humaliza oksijeni inayotegemewa na samaki. Hata mnywaji wa Ulaya anayejaza birika wakati anataka kikombe kimoja anaingia kwenye hesabu, na mzigo wake si mdogo.

Sasa nani atakwenda kupima kila shamba? Mara nyingi haendi mtu. Kampuni huchukua wastani wa nchi au wa zao na kuzidisha kwa kilo ilizonunua. Hapo ndipo tunapoona mkulima mdogo anaweza kuonewa. Kihamba cha Kilimanjaro au kibanja cha Kagera, chenye migomba, miti ya kivuli na samadi ya ng'ombe, kikitiwa kwenye wastani kinasomeka sawa na shamba lililofyekwa likawa jeupe na kujazwa mbolea ya dukani. Kwa hiyo kijana mwenye maswali si lazima awe adui. Majibu sahihi yanaweza kumtoa mkulima kwenye wastani usiomhusu.

Mambo ya watu ni magumu zaidi kupima. Ujira wa mchumaji unahesabika. Umri wa mtoto aliyeonekana shambani unaweza kuulizwa. Lakini mwanamke anayelima, kuchuma na kuanika, kisha malipo yakatoka kwa jina la mumewe, mara nyingi haonekani kwenye fomu. Na ukaguzi wa karatasi una mipaka yake. Jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh lilipoporomoka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua zaidi ya watu 1,100, baadhi ya viwanda vya nguo vilivyokuwamo vilikuwa vimekwisha kukaguliwa kwa niaba ya wanunuzi wa ng'ambo.

Turudi kwenye zile simu shambani. Nyingi zinatokana na sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu ukataji wa misitu. Inahusu ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, mpira, soya na mbao, pamoja na baadhi ya bidhaa zinazotengenezwa kwazo. Chai haimo. Inataka zao lisitoke kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na liwe limelimwa kwa kufuata sheria za nchi yake. Shamba la kahawa uliloachiwa na babu halina tatizo kwa tarehe hiyo. Shamba lisilozidi hekta 4, yaani kama ekari 10, linahitaji nukta moja tu ya mahali lilipo. Kubwa zaidi huchorwa mpaka wote. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wengi wameendelea kukusanya nukta.

Nukta hiyo si hati ya ardhi, wala haimpi kampuni umiliki wa shamba. Wajibu wa kuthibitisha uko kwa kampuni inayoingiza kahawa Ulaya; sheria hiyo haimwagizi mkulima mdogo kulipia upimaji. Ukidaiwa ada, muulize anayedai imetoka wapi, na chama chako cha ushirika kijue. Muulize pia anatumwa na nani, taarifa zitakaa wapi, na kama chama kitabaki na nakala. Hili la nakala tunalisisitiza, kwa sababu nukta zikibaki kwa mnunuzi mmoja tu, msimu ujao ni vigumu kumwuzia mwingine anayetaka ushahidi uleule. Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na zote zinampa mtu haki ya kuelezwa taarifa zake zinachukuliwa kwa ajili gani.