Ash, mungu wa jangwa aliyetunzwa na tope

Mitungi iliyozikwa pamoja na Firauni Peribsen huko Abydos, zaidi ya miaka 4,600 iliyopita, ilizibwa kwa tope bichi na kupigwa muhuri. Vilivyokuwamo vilikwisha zamani, tope likabaki. Kwenye baadhi ya mihuri hiyo amesimama mungu aliyeshika fimbo ya enzi, na jina lake limeandikwa: Ash.

Milki yake ilikuwa jangwa la magharibi ya Mto Nile, upande wa Libya, pamoja na chemchemi zake. Hakuachiwa hekalu la kutajika kama lile la Amun kule Karnak, na vitabu vingi humpa sentensi moja tu, tena akiwa kivuli cha Seth, mungu wa dhoruba na vurugu, kwa sababu mara nyingine huchorwa na kichwa cha mnyama wa Seth. Naona anaonewa.

Ushahidi uko Abusir, katika hekalu la maziko la Firauni Sahure wa nasaba ya 5. Ukutani wamechongwa mateka wa Kilibya, na safu za ng'ombe, punda, mbuzi na kondoo, huku mungu wa kike Seshat akiandika hesabu. Mke wa chifu wao na wanawe wawili wanaomba huruma. Hapo ndipo alipo Ash, safari hii ana uso wa binadamu, ametajwa kuwa bwana wa nchi ya Walibya, naye anamwahidi mfalme kila chema cha nchi za kigeni. Mkulima wa bonde la Nile aliona jangwani kiu na nyoka. Ikulu iliona ghala, na Ash ndiye mwenye funguo zake.

Lakini vita iliyoleta mateka hao ina mashaka. Familia ile ile, kwa majina yale yale, imechongwa tena katika hekalu la Firauni Pepi II, kisha huko Kawa, Sudan, zama za Firauni Taharqa, karne ya 7 KK. Wafalme walirithishana ushindi kama wanavyorithishana taji.

Baadaye Seth alichukua nafasi ya Ash katika chemchemi za jangwani. Kwenye hekalu la Hibis, katika oasisi ya Kharga, ni Seth, mwenye mabawa, anayemchoma nyoka kwa mkuki. Hata hivyo, jeneza moja la zama za mwisho za mafirauni bado linamtaja Ash, na kumwita mwenye nyuso nyingi.