Ua Uliodhuru Miti ya Laikipia

Msomaji, yamkini umewahi kuona mahali palipozungushiwa ua, ukasema moyoni kwamba miti iliyomo ndani i salama, kwa kuwa wanyama hawawezi kuifikia. Sikiliza basi yaliyotokea katika nyanda kavu za Laikipia.

Katika udongo mweusi wa huko huota mgunga mdogo ambao baadhi ya miiba yake huvimba, ikawa na uwazi ndani. Sisimizi huitoboa na kuifanya maskani yao; upepo ukipita penye matundu hayo, husikika mluzi. Mti huwapa sisimizi nyumba, tena huwapa maji matamu yatokayo kwenye majani yake. Nao hulipa kwa ulinzi: ndovu au twiga akigusa tawi, hutoka kwa wingi wakamwuma.

Mwaka wa 1995 wataalamu, miongoni mwao Truman Young, walijenga nyua huko Mpala, ili wajue nchi huwaje wanyama wakubwa wakizuiliwa. Baada ya miaka kumi hivi, Todd Palmer na wenzake waliichunguza migunga iliyomo ndani, na mwaka wa 2008 wakatangaza waliyoyaona.

Je, miti ilistawi? La. Kwa kuwa haikuliwa tena, ilipunguza ujira wa walinzi wake: miiba iliyovimba ikawa michache, na maji matamu yakapungua. Walinzi wakadhoofika na kulegea kazini. Miti mingi ikatwaliwa na sisimizi wa aina nyingine, wasiohitaji miiba wala maji yale, kwani hao hukaa katika mashimo yaliyochimbwa shinani na mabuu ya mbawakawa. Wapangaji hao hawamfukuzi mbawakawa, bali humwacha atoboe apendavyo. Miti waliyoishika ilikua polepole, na vifo vyake vilikuwa mara mbili ya vile vya miti yenye walinzi wa kwanza.

Wahenga walisema kweli: kikulacho ki nguoni mwako. Ua ulimzuia twiga, lakini haukumzuia mdudu aliyekuwa shinani.

Hatusemi kwamba kila ua ni mbaya. Mkulima huhitaji ua ili avune. Lakini wewe, utakayepewa kesho kazi ya kuitunza nchi hii, kabla hujamtenga mnyama na mti wake, uliza kwanza ni nani mwingine aishiye kwa ajili ya ugomvi wao.