Eksejesia

Eksejesia ni ufafanuzi wa makini wa matini, hasa maandiko matakatifu. Neno limetokana na Kigiriki, lenye maana ya kuongoza kuelekea nje: mfafanuzi huitoa maana iliyomo ndani ya maneno. Liliingia katika Kiingereza karne ya 17. Kwa Waislamu kazi hiyo ni tafsiri kwa maana yake ya Kiarabu, yaani ufafanuzi. Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy aliifanya kwa Kiswahili katika Qurani Takatifu (1969), yenye maelezo mengi ya aya.

Matini si lazima iwe imeandikwa. Kwa mfano, huko Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, masimulizi ya asili ya utawala yamefafanuliwa kwa undani. Yanasema wanawake wageni wa ukoo wa Watwaci walifika Milansi, makao ya mfalme, yeye akiwa hayupo, wakajitwalia nchi. Aliporudi palifanyika mapatano, naye akabaki na Milansi na heshima yake ya kidini. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, aliona humo uhusiano wa kichwa na kiuno: Milansi ni kichwa, yaani hekima na ukuu wa umri, Watwaci ni kiuno, yaani nguvu na uzazi. Mwaka 1978 alichapisha kitabu cha sanaa simulizi ya Wafipa.

Ufafanuzi huo wa Willis wa kichwa na kiuno una uzito kwa sababu umejengwa juu ya namna Wafipa wenyewe walivyouelewa mwili na ukoo. Msomaji wa leo anapaswa kuusoma sambamba na masimulizi ya wazee wa Sumbawanga na Nkasi.