Upasuaji wa mionzi: mashine hupimwaje kabla ya mgonjwa kulala?

Ukisikia "upasuaji wa mionzi" usifikirie kisu. Hakuna kinachokatwa. Mashine huelekeza miale myembamba ya mionzi kutoka pande nyingi ikutane kwenye uvimbe, mara nyingi ndani ya ubongo. Neno hili lilianzishwa mwaka 1951 na daktari Lars Leksell wa Sweden. Nchini Kenya, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ina mashine ya aina hii iitwayo CyberKnife.

Dozi yake ni kubwa, na hutolewa mara moja au mara chache tu. Ikikosea shabaha, inaweza kuunguza mshipa wa fahamu wa jicho. Ndiyo maana mashine hupimwa kwanza bila mgonjwa.

Kupima shabaha

Kipimo kinachojulikana zaidi ni cha Winston na Lutz, kilichoelezwa Marekani mwaka 1988. Kigololi kidogo cha chuma huwekwa mahali ambapo miale inatakiwa kukutana. Mashine hukipiga picha kutoka pembe mbalimbali. Kila picha lazima ionyeshe kivuli cha kigololi katikati ya duara la mionzi. Kwa kawaida kosa halitakiwi kuzidi milimita 1, ambayo ni pungufu ya unene wa sarafu nyingi.

Kupima picha

Mashine hizi huongozwa na picha za eksirei. Kwa hiyo mtaalamu wa fizikia ya tiba huchukua kichwa cha bandia na kukiweka kombo makusudi. Picha zikipigwa, kompyuta inapaswa kugundua kimesogea kiasi gani, na kitanda kikirudishe mahali pake.

Kupima dozi

Shabaha ikiwa sawa, kazi haijaisha. Mjini Toulouse, Ufaransa, kati ya Aprili 2006 na Aprili 2007, wagonjwa 145 walipewa mionzi iliyozidi. Wakati wa kuandaa mashine, mwale mwembamba ulipimwa kwa kifaa kikubwa mno. Sehemu ya kifaa ilibaki nje ya mwale, kikasoma mionzi kidogo kuliko iliyokuwepo. Hesabu za dozi za mwaka mzima zikajengwa juu ya kosa hilo.

Kwa sababu hiyo hufanywa pia jaribio la mwanzo hadi mwisho. Kichwa cha bandia chenye filamu ndani hupitishwa hatua zote kama mgonjwa: picha za CT, mpango wa tiba, kitanda, mionzi. Kisha filamu huonyesha mionzi ilitua wapi na kwa kiasi gani. Ni vizuri zaidi kipimo kirudiwe na wataalamu wa nje, wasiotumia vifaa vilevile.

Ukipewa rufaa

Una haki ya kuuliza: mashine imepimwa leo? Nani aliyehakiki dozi yangu? Na siku ukiambiwa usubiri kwa sababu kipimo hakikukaa sawa, subiri. Huo ndio ulinzi wako.