Asali, libondo na lotoko: habari ya kinywaji ambacho Wagenia hawakutengeneza

Wakati tulipokuwa tunatayarisha kijitabu hiki, mwenzetu mmoja alileta wazo: tuandike juu ya «pombe ya asali ya wankambo Wagenia». Aliona kwamba wageni wanaofika kutazama mitego yetu kwenye maporomoko wanapenda kununua kitu cha kale, na chupa ya pombe ya asali ingependeza machoni pao. Mimi nilikubali kuandika, kisha nikaenda kwanza kuuliza wazee. Muzee mmoja, mvuvi tangu utoto wake, alicheka paka machozi yakamtoka: «Mutoto yangu, asali iko ya kulamba. Ya kunywa iko libondo.»

Basi nimeona afadhali kuandika hivyo kuliko kuzua mila. Mila ya uongo ikishaandikwa kwenye kitabu, batoto wetu wataisoma kesho kama ukweli, na hakuna muzee atakayebaki wa kuwacheka.

Lakini swali lenyewe ni zuri. Pori letu lina asali nyingi. Juu ya nini hatukuifanya pombe?

Tuanze na namna kinywaji hicho kinavyotengenezwa. Asali ikiwa safi haichachi, hata ikikaa miaka. Nyuki huipepea kwa mabawa mpaka maji yanayobaki ndani yake ni karibu 18 kwa mia, na katika utamu mzito kama huo chachu haiwezi kufanya kazi. Lazima mutu aongeze maji, kipimo kimoja cha asali kwa vitatu au vinne vya maji, aache chombo mahali pa joto, angoje. Tena asali peke yake ni chakula kibaya cha chachu, kwa hiyo inachacha polepole sana. Ndiyo maana watu wanaojua kazi hiyo wanaongeza kitu. Wakikuyu wa Kenya wanatia matunda makavu ya muti wanaouita muratina, na kinywaji chenyewe kimechukua jina hilo. Waethiopia wanatia majani na vijiti vya gesho katika teji yao. Tanzania wanaita wanzuki, na kuna nyingine, kangara, ya asali na pumba za mahindi. Hata China, katika vyungu vya kijiji cha Jiahu vyenye miaka karibu 9000, wataalamu walikuta alama za kinywaji cha mchele, matunda na asali. Kwa hiyo si jambo la kabila moja.

Sasa angalia historia ilivyotupitia karibu. Waungwana walioleta Kiswahili hapa kwenye maporomoko walipita njia ya Tabora, inchi ya Wanyamwezi, watu wa mizinga na asali tangu zamani. Baba yake Tippu Tip alikaa Tabora. Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi na askari katika misafara hiyo. Stanley aliacha kituo chake hapa Desemba 1883, na mwaka 1887 mfalme Leopold akamfanya Tippu Tip liwali wa Stanley Falls. Kumbe watu waliojua pombe ya asali walifika mpaka mlangoni kwetu! Kiswahili kimebaki, muchele umebaki, kanzu na misikiti imebaki. Kinywaji hicho hakikubaki. Utasema ni juu ya dini, kwa kuwa Uislamu unakataza pombe. Ni kweli kwa sehemu, lakini dini haikuzuia libondo. Mimi ninaona sababu kubwa ni muti.

Raphia na mawese vinatoa maji yenye sukari tayari. Mugema anakata, anatega kibuyu au bidoni, na chachu ya hewani inaingia yenyewe. Asubuhi ni tamu kama maji ya muwa. Jioni inauma ulimi. Kesho yake inakwenda kuwa siki. Hakuna kuongeza maji, hakuna kungoja juma nzima. Mutu aliye na kinywaji kama hicho nyuma ya nyumba atapanda muti mrefu kupigana na nyuki kwa faida gani?

Na wale wenye asali yenyewe, Wambuti wa Ituri, kule mbele ya Bafwasende kwenye barabara ya taifa namba 4, nao hawakuwa na haja ya pombe yake. Kwao majira ya asali ni sikukuu. Colin Turnbull, aliyeishi nao Epulu na kuandika juu yao mwaka 1961, alieleza jinsi wawindaji wa nyavu wanavyoacha kambi kubwa wakati huo na kutawanyika vikundi vidogo vidogo. Asali inaliwa palepale, pamoja na nta na watoto wa nyuki, na nyingine inapelekwa kwa wanakijiji kubadilishana na ndizi na chuma. Pombe inataka chungu na mutu wa kukaa karibu nacho. Kambi inayohama haibebi vyungu.

Kwetu basi ni libondo. Ukienda kuoa, damujani ya libondo itatajwa. Lakini nisiifanye malaika. Raphia ikikatwa kichwa inakufa, na wagema wanasema sasa wanatembea mbali kuliko baba zao.

Vita pia viliingia katika chupa. Tangu Agosti 1998 mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na muto kwenda Kinshasa ulifungwa mpaka 2003. Mimi nilikuwa kijana wakati ule. Sukari ilikuja kwa ndege na ilikuwa ya matajiri. Baiskeli, toleka zetu, zilibeba kila kitu: watu, mihogo, bidoni za libondo. Baada ya zile siku sita za Juni 2000, Wanyarwanda na Waganda walipopigana ndani ya mji wetu, mama wengi walibaki na mahindi kidogo na mihogo, pamoja na pipa na bomba la kupikia lotoko. Lotoko ni kali, mupishi hana kipimo cha kujua nini kimeingia ndani ya chupa, na inakula mahindi ambayo yangekuwa bukari ya watoto. Nimezika marafiki juu yake. Lakini nikisimama mbele ya darasa ninajua pia kwamba zaidi ya mutoto mmoja pale minerval yake imetoka katika lile pipa. Sijui kulaani bila kumtazama huyo mama usoni.

Kwa kumaliza udadisi wangu nilijaribu kutengeneza pombe ya asali nyumbani. Nilinunua litre moja ya asali ya Ituri, nikaongeza maji litre nne, nikatia ndani ya bidoni na kufunga kifuniko kwa nguvu zote, mimi ninayefundisha watoto kwamba uchachu unatoa gesi. Siku ya tatu bidoni ilivimba kama tumbo. Usiku wa nne kifuniko kiliruka, na asubuhi siafu walikuwa wamechukua nyumba. Mke wangu hakusema neno, ambayo ni mbaya zaidi.

Mara ya pili nilifunika kwa kitambaa tu, na nikaongeza vipande vya nanasi. Siku ya nane ilinuka mkate, rangi yake kama chai hafifu. Nikampelekea yule muzee wa mitego. Alikunywa kikombe kizima, akatazama sakafu, akauliza asali ile ilinigharimu kiasi gani. Nilipomwambia, alihesabu kwa vidole bidoni ngapi za libondo angenunua kwa pesa hiyo, akatikisa kichwa. Kisha akauliza kama nimebakisha asali kidogo, juu kikohozi kilikuwa kinamsumbua.