Safu ya Lugha: Kidokezo

Kudokeza ni kumgusia mtu jambo bila kulimaliza. Ndiko kulikotoka kidokezo, alama fupi inayoonyesha kwamba kompyuta inangoja amri. Katika Bash, programu huria ya kupokea amri aliyoiandika Brian Fox na iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989, umbo la kidokezo hupangwa kwa kigeu kiitwacho PS1. Kijana wa Ngamiani, mjini Tanga, akiandika PS1='Tanga \w \$ ', ataona jina la mji wake, folda aliyomo, kisha $. Akiona # badala ya $, ajihadhari: ana mamlaka yote ya mashine, na amri moja mbaya yaweza kufuta kila kitu. Walimu wa kompyuta, litumieni neno “kidokezo” darasani. Neno la kukopa “prompti” halina tunachokikosa.